Bondia ana kiuno kimoja: tuhesabu wapinzani, si mikanda

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 2025, sala ya alfajiri ilipokwisha, vijana wa maskani yetu hapa Utange hawakurudi kulala. Walijazana kwa jirani mmoja mwenye televisheni kubwa, wengine wakakaa mkekani, wengine wakasimama mlangoni na vikombe vya chai. Kule Las Vegas bado ilikuwa Jumamosi usiku, na Terence Crawford alikuwa anapanda ulingoni kumkabili Saul "Canelo" Alvarez, mmiliki wa mikanda yote minne ya uzani wa super-middle. Jua lilipochomoza na wauza mahamri wakaanza kupita, majaji wote watatu walikuwa wamempa Crawford ushindi kwa pointi.

Ubishi ulioanza asubuhi ile haujaisha hadi leo.

"Ami, hesabu mwenyewe," kijana mmoja aliniambia huku akininyooshea vidole. "Uzani mwepesi, light-welter, welter, super-welter, sasa super-middle. Ngazi tano! Utamtaja nani tena mbele yake?"

Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, na ambaye ujanani aliwahi kuvaa glavu mwenyewe, alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe chake cha kahawa. "Hagler alikuwa na ngazi moja tu, mwanangu. Nitafutie mtu aliyemwita mdogo."

Kwa kawaida mabishano ya namna hii huishia barazani. Hili nimeona nilitoe nje, kwa sababu hapa mtaani kwetu swali la ngazi ngapi limekwisha toka kwenye televisheni na kuingia ndani ya mwili wa kijana ninayemjua. Nitalifikia hilo. Najua pia wapo masheikh wetu wasioupenda mchezo wa kupigana usoni. Hoja yao naiheshimu, lakini vijana wetu tayari wako ulingoni, na walioko ulingoni wana haki ya kupewa ushauri mzuri.

Kwanza nimpe kijana haki yake. Hoja yake ina nguvu. Ndondi ziligawanywa kwa uzani kwa sababu mwenye mwili mkubwa humwonea mwenye mwili mdogo. Anayepanda ngazi kwa hiari yake anakwenda kupigwa na mikono mizito kuliko ile aliyoizoea, na ngumi zake mwenyewe zinapoteza makali. Crawford alitwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia mwaka 2014 mjini Glasgow kwa kumshinda Ricky Burns, katika uzani ambao mwisho wake ni kilo 61.2. Mwisho wa uzani wa Canelo ni kilo 76.2. Hiyo ni tofauti ya kilo 15, zaidi ya nusu ya gunia la mchele la kilo 25. Manny Pacquiao wa Ufilipino alianza ubingwa wake mwaka 1998 katika uzani wa fly, usiofika kilo 51, na mwaka 2010 akafikisha ngazi ya nane katika super-welter. Mwenye kudharau safari hizo hajawahi kupigwa konde.

Lakini tazama vizuri ni nini kilichozipa safari hizo uzito. Crawford alipokusanya mikanda yote ya light-welter mwaka 2017, alimwangusha Julius Indongo wa Namibia, ambaye naye alikuja na mikanda miwili. Alipokusanya ya welter mwaka 2023, alimvunja Errol Spence, ambaye wengi walimhesabu kuwa mwenzake. Na Canelo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba kule juu. Kila alipopanda ngazi hizo alimkuta mkubwa wa nyumba yupo, akamtoa. Tukisema Crawford ni mkubwa, ushahidi wetu ni majina ya hao. Namba tano ni muhtasari tu.

Hapa ndipo hesabu za vidole zinapoanza kutudanganya, kwa sababu ngazi zenyewe zimeongezeka. Henry Armstrong aliposhika mataji matatu kwa wakati mmoja mwaka 1938, yaani la unyoya, la mwepesi na la welter, ngazi za uzani katika ndondi za kulipwa zilikuwa nane. Alikuwa ameshika karibu nusu ya mchezo mzima mkononi mwake, baada ya kuwapiga watu kama Barney Ross na Lou Ambers. Leo ngazi ni 17, na WBC mwaka 2020 iliongeza yake ya 18. Zidisha kwa mashirika manne makubwa, WBC, WBA, IBF na WBO, upate viti vya ubingwa takriban 70, kabla hujahesabu mabingwa wa muda na mikanda ya kikanda. Katika uzani wa chini, kutoka ngazi moja hadi nyingine ni kama kilo moja na nusu. Hiyo ni tofauti ya mtu kabla ya pilau ya harusi na baada yake.

Chukua mfano wa Sugar Ray Leonard, ambaye hakuna anayebisha ukubwa wake. Tarehe 7 Novemba 1988 alipigana na Donny Lalonde wa Kanada. Lalonde alikuwa bingwa wa WBC wa light-heavy, uzani unaofika kilo 79.4, lakini makubaliano yalikuwa wapigane wasizidi kilo 76.2. WBC ikaweka mezani mataji mawili: hilo la Lalonde na jingine jipya la super-middle. Leonard alimwangusha katika raundi ya tisa na kwenda nyumbani na ngazi ya nne na ya tano kwa pamoja. Mpinzani mmoja, usiku mmoja, mataji mawili. Kama ukubwa ni idadi ya ngazi, basi usiku ule Leonard alikua mara mbili kwa jasho moja. Mimi nasema ukubwa wake aliupata kwingine, kwa Thomas Hearns, kwa Roberto Duran na kwa Marvin Hagler.

Au mchukue Adrien Broner. Huyu Mmarekani alitwaa mataji ya dunia katika ngazi nne: super-feather, mwepesi, welter na light-welter. Kwa vidole vya kijana wetu, Broner ni mkubwa mara nne kuliko Hagler. Mtafute shabiki mmoja, kuanzia Likoni hadi Mtwapa, atakayekubali hesabu hiyo. Aliposhuka ulingoni na mabingwa wa kweli, Marcos Maidana, Mikey Garcia, Pacquiao mwenyewe, alishindwa. Debe lilivuma sana, lakini ndani hamkuwa na kitu.

Na mkanda wenyewe, ndugu msomaji, si mali ya bondia kama tunavyodhani. Mashirika hutoza ada kila pambano la ubingwa. Miezi mitatu haikuisha baada ya ile alfajiri yetu, WBC ilimvua Crawford taji la super-middle kwa sababu ya ada ambazo ilisema hajalipa. Hakuna aliyempiga. Je, alipungua ukubwa siku ile? Kama jibu ni hapana, basi ukubwa wake haukuwa ndani ya ule mkanda.

Kizazi changu kilikuwa na kipenzi chake, Prince Naseem Hamed, mtoto wa Kiyemeni aliyezaliwa Sheffield. Kwa sisi wa Pwani, wenye ndugu na majirani wenye asili ya Yemen, Naseem alikuwa wa nyumbani. Ubingwa wake wa dunia wote ulikuwa wa uzani wa unyoya, na mwaka 2015 aliingizwa kwenye jumba la heshima la ndondi. Wanaomtilia shaka hawamlaumu kwa kubaki ngazi moja. Wanamlaumu kwa ule usiku wa Aprili 2001 alipokutana na Marco Antonio Barrera na kushindwa bila kupata jawabu. Hata shaka yao inahusu mpinzani. Na Muhammad Ali je? Katika ndondi za kulipwa alikaa uzani mzito muda wote, hakuna ngazi juu yake ya kupanda. Kipimo kinachomwacha Ali nje ya mlango ni kipimo kibovu, tukitupe.

Turudi nyumbani Afrika Mashariki, maana sisi ndio tunaoumia zaidi na hesabu hii. Ayub Kalule wa Uganda alitwaa ubingwa wa WBA wa super-welter mwaka 1979 huko Japani. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Uganda, alikuwa bingwa wa WBC wa super-feather mwaka 1981. John Mugabi alitwaa super-welter ya WBC mwaka 1989, na Kassim Ouma ile ya IBF mwaka 2004. Wote wanne wana ubingwa wa dunia wa ngazi moja moja. Kwa vidole vya kijana wetu, hakuna mkubwa kati yao. Kalule hata ni sehemu ya hesabu ya mwengine: ngazi ya pili ya Leonard ilitoka kiunoni mwake, mjini Houston, Juni 1981, pambano la kwanza ambalo Kalule aliwahi kupoteza katika ndondi za kulipwa.

Lakini nitawaambia ninachokumbuka mimi kuhusu Mugabi, na wazee wengi wanaojua ndondi watakumbuka hicho hicho. Taji lake la mwaka 1989 alilipata raundi ya kwanza, mpinzani wake René Jacquot alipoteguka kifundo cha mguu. Ni ubingwa halali, umeandikwa. Hakuna anayeukaa kuusimulia. Kinachosimuliwa ni tarehe 10 Machi 1986, alipopanda uzani wa kati kumfuata Hagler. Hadi siku hiyo Mugabi alikuwa amemaliza mapambano yake yote ya kulipwa kwa KO. Walipigana raundi kumi na moja, Hagler akamwangusha, na baada ya hapo Hagler mwenyewe hakuonekana tena kuwa yule yule. Mugabi alishindwa kupata ngazi ya pili, na jina lake limedumu kwa kushindwa huko kuliko kwa mkanda alioushika.

Wakenya tuna ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1968 kule Mexico, George Foreman alishinda dhahabu ya uzani mzito. Lakini kombe la Val Barker, linalopewa bondia bora wa mashindano yote ya Olimpiki, halikwenda kwa Foreman. Lilikwenda kwa Philip Waruinge wa Kenya, aliyekuwa na shaba ya uzani wa unyoya. Majaji waliotazama ndondi zote za Mexico waliona ubora ambao rangi ya medali haikuuonyesha. Miaka minne baadaye Waruinge alipata fedha mjini Munich, kisha akahamia Japani kupigana ndondi za kulipwa. Mwezi wa Aprili 1976, WBC ilipoanzisha ngazi mpya ya super bantam, mmoja wa wawili waliopewa nafasi ya kuigombea alikuwa yeye. Alisafiri hadi Panama na kupoteza kwa Rigoberto Riasco. Angeshinda, angekuwa bingwa wa kwanza wa ngazi iliyozaliwa siku ile ile. Je, Waruinge ni mdogo kwa sababu ule mkanda mpya ulibaki Panama?

Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mwaka 1978. Alipopata nafasi ya ubingwa wa dunia wa kulipwa, mwaka 1982 mjini Copenhagen, alishindwa na Santos Laciar. Robert Wangila alishinda dhahabu ya Seoul mwaka 1988 kwa kumwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali. Hadi leo ni dhahabu pekee ya Kenya katika ndondi za Olimpiki. Boudouani baadaye akawa bingwa wa dunia wa WBA. Wangila hakupata mkanda kama huo. Alifariki Julai 1994 Las Vegas, siku mbili baada ya pambano, akiwa na miaka 26. Ukiwapima kwa mikanda ya mashirika manne, Boudouani ana mmoja na Wangila hana. Lakini walipokutana ana kwa ana, siku iliyokuwa kubwa kuliko zote, tunajua nani alibaki amesimama.

Fatuma Zarika naye atazamwe kwa jicho hilo. Alitwaa ubingwa wa WBC wa super bantam Oktoba 2016 huko Michigan, akausimamia hadi Novemba 2019. Catherine Phiri wa Zambia, aliyewahi kuwa bingwa wa WBC wa bantam, alikuja Nairobi kutafuta ngazi ya pili. Zarika alimzuia mwaka 2017, akamzuia tena 2019. Kumbe kukaa mlangoni na kuwazuia wanaopanda nako ni kazi ya mkubwa.

Sasa nije kwa kijana wetu. Ana miaka 22, anaendesha bodaboda asubuhi, jioni anapiga gunia la mchanga. Mwili wake wa kawaida ni wa welter, na hapo amefanya vizuri, hata akapata mkanda mdogo wa kikanda. Kisha mtu mmoja anayejiita promota akamjia na hesabu za vidole. Kuna mkanda mwengine uko wazi katika uzani mwepesi. Ashuke kilo tano na nusu kwa wiki tatu, autwae, halafu waandike kwenye mabango "bingwa wa ngazi mbili". Jina hilo, akaambiwa, ndilo litakalomfikisha Dubai na Riyadh.

Jua la Kaskazi mnalijua. Saa saba mchana tulimwona akikimbia barabarani, mfuko wa plastiki ndani ya jaketi, midomo imekauka kama wakati wa Ramadhani ilhali si Ramadhani. Siku mbili kabla ya kupima uzani alikuwa akisukutua maji na kuyatema. Mamake, anayeuza viazi karai karibu na stejini, alinijia akilia, akaniuliza neno ambalo sijalisahau: "Baba, mwanangu anataka mikanda miwili. Kwani ana viuno vingapi?"

Alipima, akapita. Usiku wa pambano miguu ilimwisha raundi ya tatu. Ya tano, kona yake ikarusha taulo, na namshukuru Mungu kwa mkono uliolirusha. Alilala hospitalini siku moja, akiwekewa maji kwa mshipa. Kilichoniuma zaidi ni simu aliyopigiwa wiki iliyofuata: kuna mkanda mwengine, safari hii wa super-welter, juu ya uzani wake. Wazee walisema mkamia maji hayanywi, na huyu wetu alikuwa amekatazwa hata kuyaonja.

Hii ndiyo sababu sikubali swali la ukubwa lichukuliwe kuwa porojo za kahawa. Tunachokisifu barazani ndicho vijana watakachokitafuta kwa miili yao. Crawford alipanda baada ya miaka mingi, akiwa na madaktari, wapishi na kocha wa kila kitu. Alijenga mwili wa kupanda nao. Kijana wa Utange aliambiwa akaushe mwili aliopewa na Mola wake kama amana, ili ashuke kumkuta mpinzani ambaye jina lake hakulijua hadi wiki ya pambano. Safari hizi mbili zote zinaitwa "ngazi nyingi", lakini moja ni ujasiri na nyingine ni biashara ya mtu mwengine.

Kwa hivyo nawaomba wazazi na makocha wa huku bara letu la Kisauni, mtu akija na habari ya mkanda wa pili, muulizeni kwanza ni nani atakayesimama upande wa pili, na amempiga nani. Muulizeni mtoto wetu ana kilo ngapi leo, bila kufunga wala kukimbia na plastiki, na nani daktari atakayempima kabla na baada. Akishindwa kujibu hayo, afungiwe mlango kwa heshima. Tume ya ndondi za kulipwa nchini nayo ingetusaidia sana kama kila bondia angepimwa uzani na kuandikwa wiki kadhaa kabla ya pambano, si siku moja kabla tu, na anayeporomoka kilo nyingi kwa haraka azuiwe kupanda ulingoni. Mizani haina gharama kubwa. Mazishi yana.

Najua nitajibiwa kwamba umaskini hauna subira, na kwamba mkanda wa pili, hata wa bati, huenda ukamfungulia kijana safari ya Ghuba. Sikatai kwamba shida ni ya kweli, naiona kila siku. Lakini Hassan Mwakinyo wa Tanga, mwenzetu wa pwani hii hii, alijulikana ulimwenguni Septemba 2018 kwa usiku mmoja wa Birmingham, alipommaliza Sam Eggington, Muingereza akiwa kwao, katika raundi ya pili. Mlango ulifunguliwa na jina la aliyepigwa.

Yule mzee wa kahawa nilimuuliza juzi kama amebadili mawazo kuhusu Crawford. Akasema hakuwahi kumkataa, kwani aliyemfuata Canelo nyumbani kwake ni mwanamume kamili. Anachokataa ni vidole. Kisha akamgeukia kijana wetu wa bodaboda, aliyekuwa ameketi kimya pembeni, mwili umeanza kumrudia, akamsogezea gilasi ya maji.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia. "Welter inakutosha."

Akanywa yote. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vijana wetu.